Rehani ya Bi Shungi

Mtaa wa Mkomani,
Amu, Lamu.
18 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Aaliya,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani, mwana wa mama? Joto la Maskati likoje mwezi huu? Na mguu wako ule uliokuwa ukivimba kwa kusimama wodini, umepoa? Usinijibu ile "alhamdulillahi" yako ya kukatia maneno. Nijibu kweli, mimi ni dada yako.

Sisi huku tu wazima. Idd tuliila kwa salama. Israa wangu alirudi kutoka chuo kikuu Mombasa siku mbili kabla ya Idd, amekonda, na tangu afike sufuria hazikauki jikoni. Mama yako, Khalati wangu, ndugu wa mama yangu, hajambo. Magoti tu ndiyo yanayomgombeza akipanda ngazi. Bado analala chumba kile cha juu, chini ya boriti iliyopinda, na bado anakataa kuhamia kwangu chini. Asema akilala chini atadhani amekuwa mgeni.

Mvua ya mwaka huu ilikuwa nzuri. Visima vimejaa, na mijusi wamekuwa wengi hata chuoni kwangu watoto wanasoma Kurani huku macho yao yakiwa ukutani.

Utashangaa kuona barua ya mkono siku hizi, tena ndefu. Ningekupigia simu, lakini najijua. Ningeanza na hali, tungefika kwenye bei ya nazi, kisha ningekuaga bila ya kusema neno lililonifanya nipige. Na ujumbe wa sauti ni hatari, maana nyumba yetu hii, ukisema chini, juu wanasikia. Yasir wa Mjomba Uthman anaondoka kesho kuja huko kazini, nami nimemwambia aningoje hadi Isha nimpe bahasha.

Ujumbe wako wa Jumatatu niliupata. Umesema likizo yako ni wiki tatu tangu mwanzo wa Julai, na kwamba ulitaka kuja nyumbani lakini Mama amekwambia usije mwaka huu, nyumba haikai vizuri. Basi utajifungia chumbani utazame tamthilia, na umeniomba nikuchagulie zile ambazo hazitazamwi na kila mtu. Zaidi ya zote umeitaka ile ninayoitazama na Mama, ili uwe na la kuzungumza naye, kwa sababu tangu mwezi wa Shaabani anakujibu neno moja moja. Kisha ukaniuliza, "Dada Ruqaiya, nimemkosea nini?"

Nilipolisoma swali hilo niliilaza simu kifudifudi. Nimeilaza hivyo siku mbili.

Acha nianze na lililo jepesi. Ile ndefu ya wafalme ambayo dunia nzima inaizungumza, iache. Wameoana wote kwa wote na bado hawajaisha. Tazama kwanza ile tunayoiita Fundi Saa. Jina lake hasa silijui. Hapa kwetu hakuna anayeshughulika na jina la tamthilia, twazipa majina wenyewe. Ni ya Kenya hii hii, sehemu nane tu. Mzee mmoja anatengeneza saa katika kibanda ambacho hakuna anayepeleka saa tena, na binti yake anataka kibanda kifungwe. Basi. Bi Nour, jirani yetu wa mlango wa pili, aliikimbia sehemu ya pili. Alisema humo hakuna hata anayelia. Mimi niliitazama mara mbili. Kila asubuhi yule mzee anaitia ufunguo saa ya marehemu mkewe, anaiweka sikioni, kisha anairudisha ndani ya mtoto wa meza, na hawatuelezi kwa nini. Itazame sehemu moja kwa siku, na chai mkononi.

Ukitaka kucheka, tafuta ya Kihindi tunayoiita Mashoga wa Stesheni. Ni wanawake watatu marafiki wanaopika katika mkahawa wa stesheni ya garimoshi, na kila sehemu huanza na chakula kimoja. Imetiwa sauti za Kiswahili, na nafikiri aliyewasemea wanaume alikuwa mmoja tu, maana polisi, baba mkwe na mkata tikiti wote wanaguna kwa koo moja. Anzia sehemu ya tatu, mbili za mwanzo ni za kutambulishana. Tena usiitazame ukiwa na njaa. Tulipomaliza ile ya maandazi ya dengu Khalati alinituma dengu saa hiyo hiyo, na duka lilikuwa limekwisha fungwa.

Ukiona nimesema mengi kuhusu saa na dengu, jua naikimbia ya tatu. Sasa nitaisema.

Ya tatu ni ya Kiarabu, na ndiyo hiyo ninayoitazama na mama yako. Tumeiita Bi Shungi, kwa sababu mwanamke mkubwa wa hadithi hujifunga mtandio kama bibi zetu walivyokuwa wakijifunga shungi. Inakuja kwa dishi la Khalati, baada ya Alasiri. Hakuna watu wengi wanaoijua, hata Israa aliitafuta sana kwenye simu kabla ya kuipata. Wewe utaielewa vizuri kuliko sisi, kwa kuwa miaka tisa sasa unazungumza na wagonjwa kwa Kiarabu. Na hapo ndipo aibu yangu ilipo. Ukiitazama utaona kwamba hadithi anayoijua mama yako haimo ndani yake.

Siku ya kwanza tulikaa watatu, Khalati, Bi Nour na mimi. Bi Nour akanigeukia akasema, "Maalim, wewe si wayua Kiarabu? Hebu twambie asemani mwanamke huyu." Aaliya, nimesomesha chuo miaka ishirini na miwili. Nimewahitimisha watoto ambao leo wana watoto. Nasoma bila ya kukwama, na mtoto akikosea herufi chumba cha pili namrudi nikiwa jikoni. Lakini Kiarabu cha watu kugombana jikoni, cha kuitana na kutaniana, sikijui. Nilikuwa na njia ya kusema, "Bi Nour, mimi nasoma tu, kusikia sisikii." Ni maneno machache. Yalinishinda. Nikatazama uso wa yule mwanamke, nikaona ana huzuni, nikasema, "Amefiwa."

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yangu. Akilia mtu, nilimfisha mtu. Wakinong'ona wawili, nilisema ni habari ya mirathi. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Mimi nilikuwa sijui, na ndiye niliyekuwa nikiwaambia wengine. Mume wa Bi Shungi nilimuua sehemu ya nne. Mama yako akamsomea Fatiha, na Bi Nour akaitikia amin. Sehemu ya sita mume akaingia na gazeti, akakaa akanywa kahawa. Nikasema huyo ni ndugu yake pacha, amekuja kuwatazama watoto. Khalati alifurahi, akasema ndugu wa namna hiyo hawako siku hizi.

Cheka kama unataka. Mimi mwenyewe nilikuwa nikicheka peke yangu nikishuka ngazi.

Ilikuwa Shaabani, siku zile ulizomwomba Mama picha ya hati ya nyumba. Hukumwambia ni ya nini, na sasa najua kwa nini: Badawi fundi alinieleza juzi kwamba ulitaka kumbadilishia boriti ya chumba chake bila yeye kujua, na kibali hakitoki bila hati. Lakini wakati huo hatukujua sisi. Mama yako aliniuliza mara mbili, kama anayeuliza jambo jingine, hati yafaa nini kwa mtu aliye Maskati. Sikulitia maanani.

Alasiri ya pili yake, katika tamthilia, binti wa Bi Shungi aliye nchi za mbali akapiga simu. Amesimama dirishani, anazungumza taratibu, na Bi Shungi huku anatokwa na machozi. Mimi nikadaka maneno mawili. Nikasikia bet, nikajua ni nyumba. Nikasikia rihani. Nikafurahi kama mtoto aliyeokota pesa, maana kwa mara ya kwanza sikuwa nabuni. Nikasema, "Binti ataka nyumba ya mamake itiwe rehani."

Bi Nour akapiga kofi pajani, "Wana wa zamani hizi!" Khalati aliomba maji.

Siku ile aliondoa hati mahali pake pa siku zote, akaitia ndani ya kasha, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso. Niliuona. Kila akisujudu unagonga sakafu. Tangu siku hiyo simu yako ikilia anaitazama kwanza, kisha ndipo anaipokea. Nawe ulipotaja kuja likizo alikwambia kwa Kiamu chake, "Usiye, nyumba haikai vizuri." Mimi nilimsikia akisema hivyo, Aaliya. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake nachambua mchele, na sikuunganisha. Au niliunganisha nikajifanya sikuunganisha. Sijui tena.

Baada ya Idd Israa akaipata Bi Shungi kwenye simu yake, yenye tafsiri ya Kiingereza chini, akaianza tangu mwanzo. Usiku mmoja akaniita, "Mama, yule binti hakutaja rehani ya mkopo. Amuuliza mamake kama mrehani wao ulioko darini ungali hai, kwa sababu akilala kule ugenini huisikia harufu yake."

Mrehani, mdogo wangu. Wa kunukia. Huu huu tunaoutia kwenye kikuba, kishada cha kujipamba, pamoja na yasmini. Huo huo mama yako anaoupanda kwenye kopo la samli kule darini, juu ya nyumba, na wewe ukiwa mtoto ukiuchuma ukautia ndani ya mto wako. Na neno lenyewe, rihani, limo katika sura ninayowasomesha watoto kila mwaka. Mwalimu wangu, Mungu amrehemu, alinifundisha na maana yake, mimea yenye harufu njema. Nimelitamka maisha yangu yote, na siku lilipokuja kunibishia mlango kwa sauti ya mtu, sikulijua. Nikalipeleka benki.

Nimeona haya mbele ya watoto wale. Wakisoma mbele yangu natazama chini.

Hilo la kukosea, labda utanisamehe. Ulimi hauna mfupa. Lakini nisikilize lililo baya zaidi. Israa aliniambia usiku wa Jumatatu ya baada ya Idd. Leo ni siku ya tisa. Siku tisa nimepanda ngazi kila Alasiri, nimekaa karibu na mama yako, nimeuona ufunguo kwenye leso, na sikusema. Tena nimeendelea kufasiri. Juzi tu nimemwozesha mtu. Nilijiambia namhurumia mzee, asifadhaike. Uongo mtupu. Nilikuwa najihurumia mimi, nisiambiwe na Bi Nour kwamba maalim hajui Kiarabu.

Nawe katika siku hizo tisa ulikuwa ukijiuliza umemkosea nini mama yako. Hukumkosea kitu. Ni mimi.

Nimeandika hadi hapa, naona barua hii nayo inaweza kuwa hila. Nikikwambia wewe uliye ng'ambo nitajiona nimekwisha sema, na juu yangu hapa mtu ataendelea kulala na ufunguo. Naweka kalamu chini. Naenda kusali Alasiri kisha nipande.

Nimerudi. Kalamu ni ile ile, mkono ndio si ule.

Nilimkuta na Bi Nour, tamthilia haijaanza. Nilitaka kumwomba Bi Nour atupishe, kisha nikaona aibu hii niliijenga mbele yake, na ibomoke mbele yake. Nikasimama tu katikati ya chumba nikasema yote, tangu mume hadi mrehani. Israa alikuwa mlangoni.

Mama yako akaniuliza, "Kwa hivyo yule mume hakufa?"

Nikasema hakufa.

"Na Fatiha yangu?"

Bi Nour akaanza kucheka, akajizuia kwa leso, akashindwa. Mimi nikalia. Ningependa angenitukana. Ningependa angesema, Ruqaiya, mtu mzima wewe. Hakusema. Alinitazama kama anavyonitazama nikiugua, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akamwita Israa, akamwambia amfungulie sehemu ile binti anapopiga simu, na amsomee neno kwa neno, asiongeze lake. Israa akamsomea. Ilipofika mrehani, Khalati akamwambia arudie. Akarudia mara tatu.

Kisha nikamweleza Khalati habari ya boriti na kibali, kama nilivyoisikia kwa Badawi. Nisamehe kwa kuifichua siri yako. Nimeona heri zawadi yako iharibike kuliko jina lako. Akainua macho akaitazama ile boriti muda mrefu. Halafu akafungua pindo la leso, akatoa ufunguo, akampa Israa akalifungua kasha. Hati imekwisha pigwa picha, nafikiri umeipata kwenye simu kabla ya kuisoma barua hii, na ulikuwa hujui imetokea wapi.

Kuhusu wewe kuja au kutokuja hakuniambia lolote, nami sikuwa na uso wa kumuuliza. Alipanda darini, na magoti yale, akakataa kushikwa mkono. Yuko huko hadi sasa.

Basi likizo yako, mdogo wangu, sijui nikwambie nini. Ukikaa huko, tazama Fundi Saa na Mashoga wa Stesheni, nazo zote mbili nakuapia nimezielewa. Bi Shungi itazame pia. Israa asema ni nzuri kuliko yangu. Lakini ukiitazama usinipigie siku hiyo. Ngoja ipite kama wiki hivi.

Bi Nour amekwisha sema kuanzia kesho msomaji ni Israa, na mimi kazi yangu ni kahawa. Nimekubali. Ijumaa nitawaambia na wenzangu wa chuoni, kabla Bi Nour hajawaambia, na ukweli ni kwamba nafikiri nimechelewa.

Israa akusalimu, aomba umletee au umtumie udi. Badawi fundi akusalimu, asema boriti ameshaichagua. Mjomba Uthman asema umemsahau, mpigie. Bi Nour anakusalimu sana na amesema nikuandikie hivi: yeye tangu mwanzo alimshuku yule pacha. Nisalimie wenzako wa wodini, hasa yule aliyekuuguza ulipokuwa na homa.

Mwenyezi Mungu akupe afya na riziki ya halali, akuweke mbali na ulimi wa mtu asemaye asilolijua, na atukutanishe tukiwa na nyuso za kutazamana.

Ni mimi dada yako, mwenye haya na mwenye kukupenda,

Ruqaiya.

Nimeongeza. Nilikuwa nalamba bahasha niifunge, mama yako akashuka hadi kwangu chini, jambo ambalo hajalifanya tangu Ramadhani. Ameshika tawi la mrehani, bichi, limekatwa sasa hivi. Akanisimamia mpaka nikalitia ndani ya barua. Likikufikia limenyauka, jua lilitoka hapa likiwa kijani. Akasema nikuandikie hivi:

"Mwambie mrehani ungaliko. Na aye."

Maneno haya sikuyafasiri. Nimeyaandika kama alivyoyatamka, naye amesimama juu ya kichwa changu akiyatazama.